Miti ya Pete Nyekundu

Barabara ya Tisa, Ulyankulu
Jumapili, 9 Juni 2024

Mdogo wangu Aleksi,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimetoka misa sasa hivi, hata viatu vya kanisani sijavua, nakuandikia juu ya meza ya mgahawa kabla watu wa supu hawajajaa. Kama umeshika ndoo ya asali, iweke chini kwanza.

Lami inakuja!

Si maneno ya kampeni safari hii. Mwezi uliopita, wewe ukiwa umeshaingia msituni kurina asali, mtendaji alituita mkutanoni akasema ile barabara kuu ya mkoa, ya kutoka bonde la Malagarasi kuja huku kwetu mpaka Tabora mjini, imekubaliwa, na watu wa vipimo watapita kuweka alama. Tukapiga makofi, tukarudi kwenye mabani yetu ya kukaushia tumbaku, tukasahau. Basi Jumanne mzee Ndayiragije alikuwa anatafuta mbuzi wake nyuma ya shamba lake la mihogo, pale msitu unapoanzia. Akakuta mti umepakwa pete ya rangi nyekundu, pete nene, bado inang'aa. Akatazama mbele, mti mwingine. Mbele tena, mwingine! Alirudi bila mbuzi, anapiga kelele kama ameona Bikira Maria.

Tulikwenda wote. Mtendaji naye akaja, akaishika ile rangi kwa kidole, akatikisa kichwa kama mtu anayejua mambo, akasema, "Naam. Kazi imeanza." Kumbe lami haitapita hapa mbele ya mgahawa wangu kama tulivyodhani. Itatokea kule kwenye mihogo ya Ndayiragije, nusu saa kwa miguu kutoka hapa. Nikibaki hapa nitakuwa nawauzia supu mbuzi.

Kwa hiyo nahama. Nimeshaongea na mzee, amenikatia kiwanja upande wa kulia, karibu kabisa na mti wa kwanza. Nahitaji nguzo kumi na mbili za mninga, zilizonyooka, si zile za mwaka juzi. Mpe Tobias akija na pikipiki kuchukua asali. Najua huko kwako simu haishiki, ndiyo maana mwaka huu wa elfu mbili na ishirini na nne mimi bado naandika barua kama mchumba wa askari. Jibu haraka.

Dada yako,
Demetria


Kambini, msituni
Jumapili, 16 Juni 2024

Dada Demetria,

Shikamoo. Milele amina.

Barua yako nimeipata ndani ya ndoo, Tobias aliiacha mimi nikiwa kwenye mizinga. Nimefurahi kusikia habari za lami.

Lakini dada, kuhusu kuhama, ningeomba usubiri kidogo. Mambo ya serikali hubadilika. Leo wanaweka alama hapa, kesho pale. Mgahawa wako una wateja na kisima kiko karibu. Subiri mpaka hao watu wa vipimo waonekane kwa macho, wazungumze kwa midomo yao. Nguzo zipo, hazitaoza.

Asali ya mwaka huu ni nzuri, nyepesi, ya maua ya miyombo. Nimekuwekea ndoo moja.

Mdogo wako,
Aleksi


Siku hiyo hiyo

Tobias,

Hii ni yako peke yako. Isome ukiwa umesimamisha pikipiki.

Ile rangi ni ya kwangu. Nilipaka mwenyewe mwezi wa nne, na kopo lililobaki tulipopaka milango ya kanisa la kigango. Toka kambini mpaka mihogo ya Ndayiragije, kilomita kumi na nne. Tangu enzi za baba tunachonga alama kwa kisu kwenye magome, kila mrinaji na yake, na dada anaijua yangu. Lakini macho yangu yameingia ukungu, Tobias. Alama za kisu sizioni tena. Nilipotea mara mbili katika msitu nilioingia nikiwa na miaka kumi na saba. Ndipo nikapaka.

Dada akijua habari za macho atanitoa huku kesho yake. Tafadhali, mzuie asihame, ila usimwambie sababu. Tafuta uongo wowote.

Aleksi


Ulyankulu
Alhamisi, 20 Juni

Kaka Aleksi,

Nimechelewa, ndugu yangu. Nilipofika, paa la mgahawa lilikuwa tayari juu ya mkokoteni, na dada yako yuko mbele anaongoza ng'ombe. Nikamwambia nimesikia kule kwenye mihogo kuna mchwa. Akasema mchwa wapo kila mahali, akanipa chapati mbili na kunipakiza mafiga.

Si yeye peke yake. Familia kumi na moja zimemfuata. Walisema kama Demetria amehama basi ni kweli, maana Demetria hakurupuki. Ndayiragije amepima viwanja kwa kamba ya mbuzi. Pameshapewa na jina, panaitwa Lamini. Kuna kinyozi tayari!

Macho yako nitayanyamazia, maana umeniomba. Lakini hili la rangi linanikaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Jana dada yako kaninywesha uji pale, anacheka, na mimi siwezi hata kumtazama usoni.

Nguzo nimechukua. Alisema zisipofika atakuja kuzikata mwenyewe.

Tobias


Lamini (ndiyo, andika hivyo sasa!)
Jumapili, 23 Juni 2024

Aleksi mdogo wangu,

Marahaba. Nguzo zimefika na zimenyooka, asante. Ushauri wako pia umefika, huo umepinda.

Usubiri, usubiri! Ungekuwa wewe ndiye uliyekuja na wazazi kutoka Burundi, tungekuwa bado tumekaa mpakani tunasubiri mvua ikatike. Nimehama, na sirudi. Kiwanja cha zamani nimemwachia Eustadia wa cherehani, tumeandikishana mbele ya mtendaji, ameshaingiza mashine zake. Kwa hiyo lami isipopita hapa mimi sina pa kwenda, na ndiyo maana itapita.

Ungepaona! Asubuhi naamka nasikia nyundo kila upande. Kinyozi ana kioo kikubwa kuliko cha parokiani. Wateja ni hawa hawa wanaojenga, wanakula matobolwa ya viazi vikavu na chai, lakini mimi nikifunga macho nayaona malori ya kutoka bondeni yamejaa samaki na mpunga, madereva wanashuka, "Mama, kuna nini leo?" Nina miaka hamsini na sita, Aleksi, na moyo unanidunda kama wa msichana anayesubiri barua ya posa. Sijawahi kuwa mahali kabla mambo hayajafika. Siku zote tumefika mambo yakiwa yamekwisha.

Lami ikikamilika utaacha huo upweke, utachoma nyama hapa upande wa kushoto. Sibembelezi, nakupa taarifa.

Halafu, mbona herufi zako zimekuwa kubwa hivyo? Karatasi nne kwa maneno ya karatasi moja. Umekuwa tajiri?

Demetria


Kambini
Jumatatu, 1 Julai 2024

Dada Demetria,

Shikamoo.

Naandika saa sita mchana, jua likiwa kali kabisa, kwa sababu ndiyo saa pekee ninayoona mstari wa daftari. Herufi ni kubwa kwa sababu ndogo sizioni. Hilo ni la kwanza.

La pili. Hakuna mtu wa serikali aliyepita msituni. Pete zile nilipaka mimi, mwezi wa nne, ili nisipotee. Sikuwaza barabara ya mtu yeyote. Nilikuwa natafuta njia ya kutoka kambini kuja kunywa chai kwako.

Nilipopata barua yako ya kwanza nilipaswa kukwambia siku ile ile. Niliogopa. Niliogopa utanitoa huku, na huku ndiko ninakojua kila kitu kwa miguu na kwa masikio hata nikiwa sioni. Kwa woga wangu umebomoa nyumba yako, na wengine kumi na mmoja wamebomoa zao kwa kukuamini. Silali vizuri.

Njia yenyewe sikuichagua hovyo, kama hilo lina faida yoyote. Ni kile kijia cha kale kilichodidimia, kinachofuata mgongo wa ardhi. Wanyamwezi wanaotundika mizinga jirani yangu wanakiita njia ya wapagazi, wanasema misafara ya Ujiji ilipita humo. Masika yote nasukuma baiskeli yenye ndoo mbili na tairi halizami. Basi.

Nisamehe, dada. Ukiamua kuwaambia watu, waambie ni mimi.

Aleksi


Lamini
Ijumaa, 5 Julai 2024

Aleksi,

Nimesoma barua yako mara tatu, nikaiweka ndani ya pipa la unga ili nisiichane.

Nimekasirika kwa mambo mawili, na hili la rangi ndilo dogo. Ningehama mara kumi. Lakini unaingiwa na ukungu machoni, unapotea porini mara mbili ukiwa peke yako na nyuki, na mimi dada yako nimekaa hapa nakucheka kwa herufi kubwa? Nilikubeba mgongoni miaka minne. Ungeniambia mimi kabla ya Tobias. Ndiyo, Tobias nimemkamua, hakuchukua hata dakika tano.

Watu sijawaambia. Kila asubuhi nafungua mdomo, halafu nasikia nyundo, naufunga. Mama Asnath wa pembeni yangu jana amemaliza kusiriba ukuta, amechora na maua. Niambie wewe, nianzie wapi?

Demetria


Lamini
Jumapili, 21 Julai 2024

Aleksi!

Wamekuja. Usiruke mstari hata mmoja, au mwambie Tobias akusomee, nimemwagiza asubiri mpaka umalize.

Alhamisi zilifika gari mbili nyeupe. Akashuka dada mmoja mwembamba, buti za mpira, kofia ngumu, anaitwa mhandisi Julieth. Tulimpokea kwa vigelegele. Akatandika ramani juu ya meza yangu, nikaondoa chupa za chai, akaweka kidole. Mstari wake umenyooka kama rula, unapita kule chini, kwenye mbuga inayojaa maji masika. Kilomita tatu kutoka hapa! Kisha mzee Ndayiragije akauliza kwa upole kabisa, "Na miti nyekundu?" Yule dada akasema, "Miti gani, mzee wangu?"

Hapo pakachafuka. Wakasema amehongwa, wakasema wakubwa wana mashamba huko mbugani. Vijana wakawa wanachomoa vigingi vya vipimo kwenye gari. Ndayiragije, na umri wake, akashika kimoja kama rungu. Nikaona damu itamwagika mbele ya mgahawa wangu, kwa sababu ya kopo la rangi ya kigango.

Nikapanda juu ya benchi. Nikasema, "Rangi ni ya mdogo wangu Aleksi. Amepaka asipotee, macho yake ni mabovu. Mimi nimejua tangu wiki mbili zilizopita na nimenyamaza. Kama mnataka kumpiga mtu, nipigeni mimi."

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Mama Asnath alinitazama tu, akaenda kukaa chini ya yale maua yake. Ndayiragije akasema, "Demetria, tulikuamini wewe, hatukuiamini rangi." Aleksi, sijawahi kuumia namna hiyo tangu nimzike mume wangu.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini yule mhandisi hakuwa amekunja ramani. Akaniuliza, "Mama, huyo ndugu yako masika anapita wapi na asali?" Nikamjibu hapo hapo kwenye rangi. "Na baiskeli?" Na baiskeli. "Haizami?" Haizami, anasema ni njia ya wapagazi. Akafungua kompyuta yake, akaangalia muda mrefu hadi chai yake ikapoa. Kisha akasema mstari wa mbugani utahitaji madaraja matatu na kujaza kifusi kilomita nyingi, na kila mtu ofisini analijua hilo, ila hakuna aliyejua kama kuna mgongo mkavu ndani ya msitu ule. Picha za angani zinaonyesha vilele vya miti tu.

Anataka umpitishe, kwa miguu, mti kwa mti. Atarudi mwisho wa mwezi.

Sasa nisikilize. Nimepiga hesabu ile ambayo na wewe umeshaipiga. Lami ikipita mgongoni, sisi kumi na mbili tumepona. Na mizinga yako iko pande zote za njia ile. Yeye mwenyewe amesema watafyeka mita thelathini kila upande, na malori na nyuki hawakai pamoja. Kwa hiyo sikuagizi. Maisha yangu yote nimekuagiza, kachote maji, kavae shati, lete nguzo. Hili sikuagizi. Ukimwambia mhandisi umesahau njia, hakuna atakayejua, na mimi sitakuuliza mpaka tunakufa.

Dada yako,
Demetria


Kambini
Jumapili, 4 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Nimewapitisha.

Siku mbili, watu sita, na kile kidude chao cha miguu mitatu. Mwanzoni walinionea huruma, kijana mmoja akataka kunishika mkono. Nikamwambia anifuate nyayo. Nikasema hapa ardhi inainuka, mhandisi akacheka, akatazama kidude chake, akaacha kucheka. Nikasema mbele kuna korongo la kuruka, upande wa kushoto mwamba, baada ya mwamba harufu ya maji lakini si maji ya juu. Kila nilichosema walikikuta. Jioni ya kwanza Julieth akaniambia, "Baba, unajua ungeajiriwa?" Nilifurahi, dada, siwezi kukuficha. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Miaka thelathini na miwili nimeijua njia hii na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Amesema ataandika mapendekezo. Uamuzi uko kwa wakubwa wake, mwezi wa kumi.

Mizinga ni sitini na miwili. Thelathini na minane iko ndani ya zile mita zao. Baadhi ya miti hiyo baba ndiye aliyenipandisha mara ya kwanza. Nimeumia, nisikudanganye. Usiku ule wa kwanza nilipanga kabisa kuwapitisha vibaya, korongo liko karibu, lingetosha kuwaaminisha kwamba njia imekatika. Kulipokucha nilikumbuka ulivyoandika kwamba siku zote tumefika mambo yakiwa yamekwisha. Nikawapeleka sawasawa.

Mama Asnath mwombe radhi kwa niaba yangu. Mpe ile ndoo niliyokuwekea.

Aleksi


Lamini
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Aleksi, Aleksi, Aleksi!

Imepita!

Jana mhandisi Julieth mwenyewe kaja na karatasi yenye muhuri. Mgongoni, juu ya njia ya wapagazi, inatokea kwenye mihogo. Kinyozi kamnyoa mteja nusu akakimbia kuja kusikiliza. Mtendaji anawaambia watu kwamba yeye alijua tangu siku ile ya kwanza. Ndayiragije amecheza ngoma mpaka kofia imepotea, halafu kaja kuniomba chai, amekaa kwangu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Mama Asnath alipokea ile ndoo zamani, kimya. Jana ndiyo amenirudishia chombo, kimejaa karanga. Nimelia juu ya zile karanga.

Baada ya kucheza watu walikwenda kulala, nikabaki na vyombo. Nikawaza wewe umekaa huko, unasikia nini? Sisi tumepata mlango wa lami na wewe umepata thelathini na minane.

Kwa hiyo nisikilize, sasa naagiza tena. Hospitalini Tabora kuna daktari wa macho, Tobias amekuandikisha Jumatano ya tarehe thelathini. Inawezekana ukungu huo unatolewa, inawezekana hautolewi wote. Tutakwenda wote wawili. Lakini kabla ya hapo mizinga inapaswa kuhamishwa, mvua hazijaanza, na huwezi kupanda miti thelathini na minane peke yako na macho hayo. Nakuja.

Najua. Mwanamke haingii kambi ya asali wakati wa msimu, mama hakuingia, bibi hakuingia, na hao Wanyamwezi wako watasema nyuki watahama. Wahame, si ndicho tunachotaka? Tena nimekula asali ya msitu huo tangu nikiwa na meno ya utoto, nimesomesha watoto kwayo, na sijawahi kuona hata mti mmoja inakotoka. Greda linakuja mwezi wa tano. Nataka unionyeshe kila mti ungali umesimama, uniambie na ile aliyokupandisha baba. Ndayiragije na Tobias watabeba ngazi na kamba. Mgahawa namwachia Mama Asnath, ameomba mwenyewe.

Tunatoka Jumamosi asubuhi, kwa miguu.

Demetria


Kambini
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Wanyamwezi nimewaambia. Mmoja amekasirika, wawili wamecheka, wa nne ameuliza kama utapika.

Usijipake manukato, hata yale ya kanisani. Usivae nguo nyeusi wala ya manyoya, vaa nyeupe au ya kaki, ndefu, ufunge mikono na miguu kwa kamba. Nywele zifunike zote. Nyuki akikutua usimpige, simama, ataondoka. Ndayiragije asivute tumbaku njiani. Leteni maji, ya huku yamepungua.

Miti kumi na miwili alinipandisha baba. Nitakuonyesha yote, na mmoja una alama yake ya kisu, imekua pamoja na gome, mimi naishika kwa kidole tu. Utanisomea imekaaje.

Nitawangojea kwenye mwamba, saa nne. Ukiniona kabla sijakuona, usinyamaze unatazama. Niite.

Aleksi